Mkono wa Mtu Kwenye Picha

Watu wananiambia nimsamehe Prof. Padri amesema, mama amesema, hata yule maman anayeniuzia samaki wa sambaza asubuhi amesema, na yeye hata hakuwepo. Bon, nimewasikia wote. Lakini kabla mtu hajaniambia nisamehe, akae kwanza anisikilize nilivyomlipa. Nilimlipa vizuri. Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa furaha kama ile.

Nyumba yetu iko Nyalukemba, hapa Bukavu, kwenye mteremko, pale ambapo ukisimama mlangoni unaona paa la mtu wa chini yako na msingi wa mtu wa juu yako. Mtu wa juu yetu alikuwa Prof. Alikuwa amejenga nyumba ya etaji, ghorofa mbili nzima juu ya vichwa vyetu, na kuiezeka manjanja, mabati ya bluu yanayong'aa hata ukiwa mbali kule ziwani. Paa kubwa, maji mengi. Maji yote hayo aliyakusanya kwa gutiere, mifereji ya paa, akayaingiza katika tiyo moja, bomba nene, na mdomo wa tiyo akautokeza kwenye ukuta wake, upande wetu. Upande wake yeye alipanda maua na kuweka mahali pa kulaza gari. Mvua ikinyesha, tiyo ile ilikuwa ikitapika juu ya udongo wetu hadi mvua inyamaze, na baada ya hapo iliendelea kudondoka kwa muda wake yenyewe.

Mama alipanda kumwambia. Mama ni mjane, mzaliwa wa Nyantende, mtu wa kuomba samahani hata kwa kiti alichojigonga. Alifunga kitenge kizuri, akasimama kwenye lango la chuma, akasema, "Papa Prof, tafadhali, ile maji yenu iko nakuya yote kwetu." Prof akamjibu kwa upole mkubwa, "Maman, nitaangalia." Mama akarudi akiwa amefurahi. Alisema mtu aliyesoma ana adabu. Mvua nyingine ikaja, mama akapanda tena, akajibiwa tena kwamba ataangalia. Aliendelea kuangalia mpaka jiko letu la nje likaondoka.

Ilikuwa mchana, Jumamosi. Mama alikuwa amebandika maharagwe kwenye babula ya makaa, akatoka kuanua nguo kwenye kamba kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga. Hiyo kamba ndiyo iliyomwokoa. Mvua ilimwagika, udongo ukafanya sauti kama mtu anayevuta kabati sakafuni, na jiko likashuka. Lilienda na maharagwe, na babula, na kinu cha kutwangia majani ya sombe ambacho mama alikileta siku ya ndoa yake. Lilienda pia na kuku aliyekuwa amelalia mayai pembeni ya makaa. Nilimkuta mama amesimama kwenye matope na nguo zimemjaa mikononi, anamwita kuku yule kama vile angeitika.

Prof alishuka kutupa pole. Alishuka na mwavuli na viatu vizuri, akasimama mbali ili asichafuke. Nyuma yake, juu kwenye ukuta, tiyo yake ilikuwa bado inamwaga. Akatikisa kichwa kwa huzuni akasema, "Poleni sana, maman. Unajua, milima ya Bukavu inatembea. Iyi ni phénomène naturel. Hakuna mutu ya kulaumu."

Phénomène naturel, jambo la asili! Na tiyo inanguruma mgongoni mwake!

Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, naye alikuja kutazama. Alilitazama shimo, akatutazama sisi, kisha Prof akamwita juu apumzike kidogo. Walipumzika sana. Aliposhuka alikuwa ananukia bia na maneno yalikuwa yale yale, "Maman, ni nature. Tutafanya je?" Sasa ukingo wa shimo ulikuwa umebakiza hatua chache tu kufika kwenye ukuta wa chumba cha mama. Kiangazi kilikuwa kinaanza. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu asiyejua hesabu: mvua ya Septemba ikikuta tiyo iko pale pale, chumba kingefuata jiko, na safari hii ndani kuna mtu na kitanda chake.

Nilitaka kupanda nikaivunje ile tiyo kwa nyundo. Mama alinikataza. "Utafungwa, na maji itaendelea kutoka," alisema. Basi nikakaa na hasira yangu. Nikawa nakula nayo na kulala nayo.

Kinachochekesha ni kwamba wakati huo huo nilikuwa nimejiandikisha kwenye masomo ya Kiingereza ya Prof. Nilikuwa nimejiandikisha na kulipa kabla jiko halijaondoka. Ofisini kwetu kulikuwa na nafasi nzuri iliyotaka cheti cha Kiingereza, na kwenye mtihani wa cheti hicho wanakupa picha yenye mishale, labda mvua au maisha ya chura, wanakuambia uieleze kwa maandishi. Sehemu hiyo inaangusha watu. Na kwa Bukavu nzima, mtu aliyekuwa na jina la kuwavusha watu hapo alikuwa yeye. Nilimwambia mama kwamba siendi, afadhali nife na Kifaransa changu. Mama akanitazama. "Enda," akasema. "Kingereza si yenyewe ilibomoa jiko."

Nikaenda. Tulisomea kwenye ukumbi wa paroasi, pale kanisani, madawati ya mbao, vumbi la kiangazi linaingia madirishani. Picha ya kwanza aliyotupa ilikuwa ya maji: jua, ziwa, mvuke unapanda, wingu, mvua juu ya mlima, mto unarudi ziwani. Akasema tuieleze.

Sasa, sisi wa Bukavu tumesoma kwa Kifaransa. Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba andiko lisilo na maoni yako ni andiko la mvivu. Unaweka utangulizi, unapanua mawazo, unafunga kwa fundisho kwa jamii. Ukipewa picha ya ng'ombe unamaliza kwa kuiomba serikali ijali wafugaji. Kwa hiyo niliandika jua na ziwa na wingu kama ilivyotakiwa, kisha moyo ukanishinda. Niliandika kwamba mvua ikifika mlimani haiwatendei watu wote sawa, kwamba ile inayoangukia paa la tajiri hushuka ikala jiko la mjane, na kuku wake, na mayai ya kuku wake. Nikamalizia kwa kuwaomba viongozi wafumbue macho. Niliona nimeandika vizuri kuliko siku zote za maisha yangu.

Prof aliyakusanya maandiko, akayapitia, akachomoa langu. Alilisoma kwa sauti mbele ya wote. Alipofika kwenye kuku aliacha kusoma, akavua miwani, akainua ile picha juu.

"Mademoiselle," akasema, "kuya hapa mbele. Unionyeshe. Kwa hii picha, kuku iko wapi?"

Darasa likapasuka. Watu walicheka mpaka wakapiga madawati. Mmoja nyuma akaanza kuita "Kuku! Kuku!" Nilisimama pale mbele na uso unawaka, na Prof akiwa ananitazama kwa tabasamu. Alijua ni kuku gani. Alikuwa amesimama kwenye matope yetu na kumsikia mama akimwita. Alijua, na akacheka.

Siku hiyo ndiyo niliposema moyoni, wewe mzee, utaniona.

Watu walipomaliza kucheka, aliandika sheria zake ubaoni, na lazima niseme ukweli, mtu yule alijua kufundisha. Sema unachokiona. Usiongeze kitu, usipunguze kitu, usitoe maoni. Fuata mishale kuanzia chanzo mpaka mwisho. Weka résumé, sentensi moja inayosema jambo limeanzia wapi na limeishia wapi, na asiyeiweka ameanguka hata kama mengine yote ni mazuri. Na sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya sentensi ya kwanza: amua kama picha ni ya jambo la asili au ni ya kazi ya watu. "Mukiona mkono wa mutu," alikuwa akipiga ubao kwa kidole, "hata pa fasi moja tu, hata kidogo vile, musiseme tena ni ya asili! Ni uongo!"

Nilipokuwa nanakili sheria hiyo, kalamu yangu ilisimama yenyewe. Nilimtazama mgongoni akiwa anafuta ubao. Nikasema, Ee Mungu, umenipa.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mwanafunzi kama mimi. Nilikaa dawati la mbele. Niliitika "Ndiyo, Prof" kabla hajamaliza swali. Maandishi yangu yalikuwa baridi kama chuma, bila kuku, bila mjane, bila serikali, na yeye alianza kuyasoma mbele ya wenzangu kama mfano. Mara moja aliniwekea mkono begani akasema, "Unaona, binti yangu? Hasira iliisha, na akili ikaingia." Nikamwambia aksanti. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kila msimu wa masomo yake ulifungwa na sherehe, na hapa kwetu sherehe ya kufunga si mchezo. Viti vya plastiki vya wageni vinakodishwa, wazazi wanavaa, padri anafungua kwa sala, mkubwa fulani anawekwa mbele penye kitambaa mezani, soda na mandazi vinapita. Safari hii mkubwa aliyealikwa alikuwa nani kama si shefu wetu wa kartie. Na kilele cha sherehe za Prof kilijulikana mji mzima: wanafunzi humletea picha ambayo hajapata kuiona, wakaibandika, na yeye akaieleza palepale kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, akitafsiri kwa Kiswahili ili wazazi nao waonje. Watu walikuwa wanapiga makofi kama kwenye mpira.

Wenzangu walipouliza nani atachora picha, mkono wangu ulikuwa juu tayari.

Nilichora kwenye karatasi kubwa, kwa rula, kama wanavyochora kwenye mtihani wenyewe. Wingu. Mvua. Nyumba kubwa ya ghorofa. Gutiere, tiyo, ukuta, mdomo wa tiyo. Mteremko. Mfereji mdogo, halafu mfereji mkubwa, halafu shimo. Kajumba kadogo ukingoni, halafu shimo bila kajumba. Na mwisho kabisa, chumba chenye kitanda, na mshale unaokielekea. Sikuandika jina la mtu wala la mtaa. Paa nililiacha jeupe, maana rangi ya bluu ingenifichua. Mama aliikuta juu ya meza akaitazama yote. Kisha akauliza, "Kuku je?" Nikamwambia kuku hawekwi, ni sheria. Akasema sawa, lakini niliona amehuzunika.

Siku ya sherehe mawingu ya kwanza ya Septemba yalikuwa yameshaanza kupita juu ya ziwa. Mama alikaa nyuma ya ukumbi ule ule na kitenge chake cha misa. Prof alikuwa na suti na tai nyekundu. Picha ikabandikwa, akaisogelea, akafunga mikono nyuma, akaizunguka kwa macho kwa haraka ya mtu anayejiamini. Hakuona nyumba yake. Aliona mtihani tu. Akawageukia wazazi, akasema kwa Kiingereza chake kinachoteleza, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya mimbarini:

"Kwanza kabisa! Hii picha si ya jambo la asili. Hapana! Muangalie tiyo. Muangalie ukuta. Hapa kuna mkono wa mutu!"

Makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Akaendelea. Mvua inaangukia paa la nyumba kubwa. Maji yanakusanywa. Yanaingizwa kwenye tiyo. Yanapitishwa kwenye ukuta... Hapo ulimi ukapungua mwendo. Nilikuwa nimekaa mbele, nikaona shingo yake ikijaa juu ya kola. Aliitazama picha tena, safari hii polepole, kutoka juu mpaka kitandani. Kisha akanitazama mimi. Nilimtabasamia lile tabasamu langu la msimu mzima.

Angeweza kuacha. Angeweza kusema amechoka, au aombe maji ya kunywa. Lakini mbele yake kulikuwa na padri na shefu na wazazi wa msimu ujao, na kiburi cha mtu yule kilikuwa kirefu kuliko nyumba yake. Akameza mate, akaendelea. Yanamwagwa kwenye mteremko. Udongo unalainika. Shimo linafunguka, linapanuka. Kajumba kadogo kanachukuliwa. Alisema yote, sauti ikiendelea kushuka, kisha akawainamia watu kidogo na kuanza kurudi kwenye kiti chake.

Wenzangu, watu wema wasiojua chochote, ndio waliomrudisha. "Résumé!" mmoja akapaza sauti. "Prof, umesahau résumé!" Wakaanza kupiga madawati kama walivyofanya siku ya kuku. "Ré-su-mé! Ré-su-mé!" Wazazi nao wakacheka na kushika wimbo. Shefu naye alikuwa anagonga meza na chupa yake ya soda.

Prof alisimama katikati. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai. Akasema kwa Kiingereza, haraka na chini. "Kiswahili, Prof!" wazazi wakamwambia. "Tusikie na sisi!"

"Ni kusema..." akaanza. "Ni kusema, inaanzia kwa paa ya nyumba kubwa. Inaishia... inaishia kwa kitanda ya mutu wa chini."

Kabla makofi hayajaanza, mama alisimama. Mama yangu, anayeomba samahani kwa viti. Akakunjua kitenge, akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Aksanti, Papa Prof. Ndiyo ile nilikuwa nakuambia pa lango yako. Ile kitanda ni yangu."

Watu walitazama picha, wakamtazama mama, wakamtazama Prof, na ukaweza kuona jambo likiingia kichwani mwa mmoja baada ya mwingine. Shefu wa kartie aliiweka chupa chini taratibu. Padri akauliza, bila kumtaja mtu, hiyo nyumba kubwa iko wapi. Vichwa vyote vya Nyalukemba viligeuka upande mmoja, aliposimama Prof. Nilikunywa soda yangu mpaka chini. Ilikuwa tamu, ee, ilikuwa tamu!

Kesho yake shefu alikuja mapema, akiwa amekunywa chai tu, na nusu ya watu wa avenyu yetu nyuma yake. Safari hii aliiona tiyo. Kabla mvua kubwa haijafika, Prof alikuwa ameshaliziba lile tundu la ukutani na kuchimba mfereji wa mawe ndani ya parseli, kiwanja chake mwenyewe, umepita katikati ya maua na kukata pale alipokuwa akilaza gari. Gari sasa linalala barabarani. Nilipanda kwa makusudi kila jioni baada ya kazi kutazama mafundi wakichimba.

Alishuka tena kwetu, bila mwavuli. Aliomba msamaha, mama akampa kiti na chai na maziwa. Mimi nilikaa nje. Alipotoka alinisimamia akasema, "Lakini ungeniambia tu, binti yangu." Nikamjibu, "Prof, ulitukataza kutoa maoni." Mama alinigombeza jioni ile. "Weye ulitaka kushinda," alisema. "Mie nilitaka maji ihame tu." Nilimwambia nilitaka vyote viwili, na sioni dhambi iko wapi. Akasema dhambi naijua vizuri, na akaenda kusali rozari.

Mtihani niliufanya na nikafaulu. Picha iliyonijia ilikuwa ya samaki wa nchi za baridi wanaopanda mto kwenda kuzaa. Niliandika nilichokiona, kutoka chanzo mpaka mwisho, nikaweka résumé. Nafasi ya ofisini nimeipata pia, na kwa mshahara wa kwanza nilimnunulia mama kinu, ambacho anasema hakitwangi kama kile cha kwanza.

Mvua kubwa ya kwanza ilianguka Jumapili, tukiwa mezani. Mama aliacha kula, macho kwenye ukuta wa chumba chake. Tukasikiliza. Juu kule, maji yalikuwa yanakimbia ndani ya mfereji wa mawe, kwake, katikati ya maua yake, yakizunguka na kwenda zake kwenye kaniveau, mtaro wa barabarani. Kwetu palikuwa na matone tu. Mama akafanya ishara ya msalaba na kumwombea Prof kwa jina lake, Mungu amlindie nyumba na watoto. Mimi niliinuka, nikafungua dirisha ili nisikie vizuri zaidi, na nikasimama pale nikicheka mpaka chakula kikapoa.